Nyumba Mbili Katika Zamu Moja

Ukungu wa mwezi wa nne, huko juu Ufipa, huwezi kusema unakuja. Unaamka unaukuta umekwisha kukaa, kama mgeni aliyefika umelala akaona haya kukuamsha. Asubuhi hiyo ulikuwa umekifunika kitongoji chote. Majani marefu ya vilimani yalichungulia ncha tu, na ng'ombe walisikika bila kuonekana.

Klementina alikuwa amepiga magoti katikati ya sakafu ya kupuria ulezi, ameshika kipande cha udongo mweupe. Sakafu za kupuria husiribwa kiangazi, ulezi ukishakauka. Lakini bibi yake, Fransiska, alikuwa ameisiriba hii wakati wa mvua, kwa udongo na samadi, ili mjukuu apate ubao wa kuandikia. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Nani husiriba sakafu masika? Kila mvua iliponyesha namba zilifutika, na kila ilipoanuka Klementina alirudi kuandika upya.

Alikuwa anaandika mstari wa nne alipoona miguu miwili peku, imejaa tope mpaka magotini, imesimama pale namba zilipoanzia.

"Hodi," sauti ilisema kutoka ndani ya ukungu. "Nikanyage wapi nisiharibu?"

Klementina aliinua uso. Kijana mwembamba, viatu mkononi, suruali ameikunja.

"Karibu. Pita huko pembeni, kwenye huo mfuatano wa kwanza. Huo nimeshaumaliza."

Kijana aliinama kuutazama. "Umeumaliza, au umekumaliza?"

"Na wewe ni nani, unaingia kwa watu na dharau?"

"Samahani, dada. Naitwa Fahadi. Lori letu limezama pale kijitoni. Natafuta watu wenye majembe."

Bibi Fransiska alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Wa Sumbawanga mjini. Mtoto wa Halfani, mwenye duka la majembe karibu na stendi."

"Halfani! Jembe lake nililonunua juzi mpini umevunjika."

"Bibi, sisi tunauza jembe. Mpini ulichonga mwenyewe."

Bibi alicheka, na mtu akishamchekesha Bibi Fransiska hupewa kigoda. Akamweleza kwamba watu wote wenye nguvu wako shambani, ni siku ya zamu, na hakuna atakayetoka pale kabla pombe ya ulezi haijaisha chunguni. Angoje mpaka mchana. Basi Fahadi akakaa akaosha miguu, na macho yake yakarudi sakafuni.

Hapo ndipo Klementina alipojua kwamba mgeni huyu hakuwa mchuuzi tu. Alisomea hesabu chuo kikuu, Dodoma. Alihitimu vizuri, akaomba kazi ya ualimu, akangoja, akaomba tena. Sasa alizunguka na lori la baba yake akinunua maharage, pamoja na dereva aitwaye Nyanda, ambaye wakati huo alikuwa amelala usingizi ndani ya lori lililozama.

"Unasomea nini?" Fahadi aliuliza.

"Narudia mtihani wa kidato cha sita. Masomo mengine nilipata. Hesabu ilinikataa."

Hakusema yote. Hakusema kwamba huu ulikuwa mwaka wa mwisho. Shangazi yake wa Laela alikwisha kuagiza kwamba Klementina akifeli tena, aache ndoto za chuo cha ualimu, aende akamsaidie kuuza nafaka pale mabasi yanaposimama. Bibi naye alikuwa mzee, asingeweza kumpinga bintiye.

Fahadi alinyoosha kidole. "Hii hapa. Nne faktoriali, chini yake tatu faktoriali. Mbona umeandika safu ndefu namna hiyo?"

"Nazidisha zote. Nne mara tatu mara mbili mara moja, ishirini na nne. Chini tatu mara mbili mara moja, sita. Nagawa, napata nne."

"Na wakikupa mia moja faktoriali, chini yake tisini na nane faktoriali?"

"Kikokotoo kikifika sabini kinakataa," Klementina alisema kwa huzuni. "Mwaka jana kilinikatalia palepale ndani ya chumba cha mtihani."

Fahadi aliinua kichwa, akasikiliza. Kutoka ng'ambo, ndani ya ukungu, zilikuja sauti za watu wakiimba kwa mpigo wa majembe. Huo ulikuwa msimu wa ntumba. Mvua zikielekea ukingoni, majani yakiwa marefu na ardhi ingali laini, watu hulaza majani, wakayafunika kwa mabonge ya udongo yaliyopinduliwa, mpaka shamba zima likawa vilima vidogo vya mviringo, ndizo ntumba zenyewe. Majani huoza humo ndani. Juu yake hupandwa maharage, na msimu ufuatao vilima hubomolewa, udongo ukasambazwa, ulezi ukamwagwa. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Nyumba hualikana, leo kwangu, kesho kwako.

"Hizo zamu mnazipanga vipi?" Fahadi aliuliza.

"Tunakaa tunakubaliana."

"Sawa. Tuseme nyumba ni tatu. Mnaweza kuzipanga kwa njia ngapi?"

Klementina alihesabu kwa vidole. "Sita."

"Hiyo ndiyo tatu faktoriali. Sasa inakuja nyumba ya nne. Mpango wowote wa zile tatu, hii ya nne unaweza kuichomeka mahali pangapi?"

"Mwanzoni. Baada ya ya kwanza. Baada ya ya pili. Mwishoni." Akasita. "Panne."

"Panne. Kwa hiyo nne faktoriali ni nne mara zile njia za zamani. Za zamani zipo juu, zipo na chini. Usizihesabu upya, zifute. Anayebaki ni mgeni peke yake."

Klementina aliushika ule udongo mweupe bila kuandika. Aliiona ile mia moja faktoriali kama safu ya nyumba iliyoshuka kilima baada ya kilima mpaka ikapotelea ukunguni. Aliiona ile tisini na nane ikiwa na nyumba zilezile, moshi uleule. Zikafutika polepole, kilima hata kilima, bila kelele. Zikabaki mbili tu, karibu yake.

"Mia mara tisini na tisa," alisema. "Elfu tisa na mia tisa. Basi?"

"Basi."

"Mwaka mzima nabeba mzigo ambao haukuwa wangu!"

Bibi Fransiska, aliyekuwa anachambua maharage bila kuelewa neno hata moja, alitabasamu kwa sababu mjukuu wake alikuwa anacheka.

Waliendelea mpaka ukungu ukainuka. Mwisho Klementina akampeleka kwenye kona ya sakafu, kwenye swali lililomnyima usingizi. Mfuatano ambao kila namba yake hupatikana kwa kuchukua mbili n, kuiwekea faktoriali, kisha kugawa kwa n faktoriali. Swali lilitaka kujua namba inayofuata ni mara ngapi ya iliyotangulia. Klementina alikuwa amefuta hapa na pale, akapata jibu safi kabisa: mara mbili, siku zote.

"Lakini nikizihesabu zenyewe zinakataa," alisema. "Ya kwanza ni mbili. Ya pili kumi na mbili. Ya tatu mia na ishirini. Mbili na kumi na mbili, ni mara mbili hiyo?"

Fahadi alichuchumaa. "Hapa ulipofuta, uliwaza nini?"

"Niliwaza vitongoji viwili. Kila kimoja kina nyumba n, jumla mbili n. Namba ikisogea mbele, kila kitongoji kinaongeza nyumba moja. Ni hatua moja."

Fahadi alifungua mdomo kujibu, na hapohapo watu wakatokea wakiteremka na majembe mabegani, wamechangamka kwa pombe, wakiuliza lori liko wapi walinyanyue. Kufumba na kufumbua wakawa kijitoni. Nyanda akapiga honi kama mtu aliyekesha kazini.

"Ijumaa ile kabla ya mtihani nitapita tena huku kubeba maharage," Fahadi alisema akirudi nyuma nyuma kuelekea njiani. "Nitakuchukua mpaka mjini. Njiani tutalimaliza hilo swali. Si mbili!"

"Najua si mbili!" Klementina alimjibu kwa sauti. "Ningekuwa sijui ningelala!"

Siku zilizofuata zilikwenda kwa namna ya ajabu, kama maji yanayopita chini ya majani. Klementina alisoma asubuhi, akalima mchana, na mara nyingine hakujua anafanya lipi. Akichota maji aliona ndoo moja faktoriali. Akipita kwenye mlango wa kanisa siku ya Jumapili, watu wakitoka mmojammoja, alijikuta anawapanga. Usingizi wa alfajiri ulimletea nyumba nyeupe zisizo na uzito, zikielea juu ya bonde. Kila alipozigusa mbili zilifutika. Lakini kila mara kitu kilibaki katikati, kitu kidogo chenye joto, na akiamka hakikumbuki.

Kazi ya zamu nayo ilikuwa na shida yake. Zamu ya Bibi Fransiska iliangukia mwishoni kabisa, siku zilezile za kwenda mtihani. Klementina angeondoka vipi amwache bibi peke yake na shamba halijafukiwa? Aliyeokoa jambo ni jirani yao, mama mmoja mjane aitwaye Dominika, mtu mkimya, aliyekuwa na zamu ya mapema.

"Chukueni yangu," alisema. "Mimi nitaingia kwenye yenu. Mtoto asome."

Klementina alimshika mikono. "Mama, siku yako ikifika, sitaondoka kabla ntumba yako ya mwisho haijafunikwa. Nitaifunika mimi mwenyewe."

"Wewe nenda zako ukafanye mtihani," Dominika alisema, lakini macho yalimng'aa, na Klementina akaona kwamba neno lile limepokewa na kuwekwa.

Halafu mvua zikaonyesha dalili ya kukatika mapema. Kila mtu akaingiwa na hofu ya ardhi kukauka. Wenye zamu wakafanya kama ilivyo desturi yao siku zikiwa chache, wakaunganisha nyumba mbili katika zamu moja. Dominika akaunganishwa na Flavian, kijana aliyeoa mwaka huo, mwenye mke hodari wa kupika pombe. Siku yao ikawa Ijumaa ileile ya lori.

Ijumaa hiyo watu walianzia kwa Flavian. Pombe ilikuwa nyingi, shamba lilikuwa kubwa, nyimbo zilikuwa nzuri. Shamba la Dominika lilikuwa nyuma ya kilima, dogo, na chungu chake cha pombe kilikuwa kidogo kama shamba lenyewe, maana ulezi wake uliharibika. Hakuna aliyekusudia kumtupa. Kila mtu alidhani zamu inaendelea, na kweli ilikuwa inaendelea, ila upande mmoja tu wa kilima.

Klementina alikuwa ameamkia kwa Dominika, mkoba wake wa safari ameuweka juu ya jiwe. Wakalima wawili. Ukungu uliwazunguka ukawafanyia chumba, na ndani ya chumba hicho hapakuwa na kitu ila pumzi zao, harufu ya majani mabichi, na udongo ukigeuzwa. Kilima kimoja, kingine, kingine tena.

Jua lilikuwa bado halijafika utosini waliposikia lori. Fahadi alipanda mbio, safari hii na viatu.

"Shikamoo, mama. Klementina, twende! Nyanda anasema mvua inakuja, na turubai letu limechanika. Maharage yakilowa baba atanifukuza nyumbani."

"Ngoja nimalize."

Fahadi alitazama shamba. Mistari mitatu mizima ilikuwa bado ni majani yaliyosimama. "Umalize hiyo yote?"

"Nilimwahidi."

"Klementina," Dominika aliingilia, "nenda. Nimekusamehe."

"Sijakukosea kitu, mama, hata unisamehe. Ni neno langu."

Fahadi alimpokea jembe bila kuuliza, akaanza kulima. Alipindua bonge moja, likamwangukia kwenye kiatu. La pili likavunjika vipande. Dominika alijitahidi asicheke, akashindwa. "Baba yako anauza majembe kweli?"

Honi ililia chini, ndefu, ya hasira.

"Jumamosi huku hakuna gari la uhakika," Fahadi alisema akihema. "Utatembea mpaka Mwazye kutafuta gari, na hata hapo ni bahati. Jumatatu mtihani. Na lile swali je? Nikuachie jibu?"

Klementina alimgeukia. Jibu lilikuwa pale, mdomoni mwa mtu aliyesimama hatua chache kutoka kwake. Lakini aliutazama mkono wake wenye udongo, akatikisa kichwa.

"Ukinipa jibu bila njia, Jumatatu litanitoroka. Nenda, maharage yasilowe."

Fahadi alijipangusa udongo kiatuni. "Hiyo hatua unayoiita moja," alisema, "ishuke polepole." Akamrudishia jembe, akateremka akigeuka kila mara, mpaka ukungu ukamchukua.

Klementina alilima kwa nguvu, machozi yakimchuruzika pembeni ya pua. Hakujua kama ni ya hasira au ya woga. Aliiona Laela, aliona magunia na vumbi la mabasi, na yeye ameketi pale miaka na miaka akipima mahindi. Dominika alifanya kazi kando yake. Kisha, kama anayeongea na udongo, akasema:

"Hawakunisahau kwa ubaya. Wametuhesabu mimi na Flavian nyumba moja. Lakini mwanangu, mimi nina jiko langu. Moshi wangu unatoka peke yake."

Klementina aliinua jembe, na jembe likabaki hewani.

Nyumba mbili. Kila kitongoji kiliongeza nyumba moja, na yeye akaziunganisha zikawa hatua moja, kama walivyozoea kuunganisha zamu. Lakini kila moja ilikuwa na jiko lake. Kila moja ilitaka mahali pake katika mpango. Kutoka mbili n na mbili, ukishuka, hufiki mbili n moja kwa moja. Kuna mtu unampita njiani, amekaa kimya, mbili n na moja. Huyo ndiye aliyekuwa amemfuta mwaka mzima bila kumwona, na kwa sababu hakumwona ndiyo maana jibu lilikuwa safi mno.

Alipiga magoti, akaandika kwa kidole ubavuni mwa kilima kibichi. Juu zilibaki mbili: mbili n na mbili, mara mbili n na moja. Chini ilibaki n na moja. Ile n na moja ikaingia ndani ya mbili n na mbili mara mbili. Jibu: mbili mara, kwenye mabano, mbili n na moja. Akajaribu kwa n ikiwa moja: sita. Mbili mara sita, kumi na mbili. Kwa n ikiwa mbili: kumi. Kumi na mbili mara kumi, mia na ishirini.

Zilikuja zenyewe, moja baada ya nyingine, kama ng'ombe wanaoijua njia ya nyumbani.

"Unacheka nini?" Dominika aliuliza.

"Nimempata mtu niliyekuwa nimempoteza."

"Mungu asifiwe," Dominika alisema, akaendelea kulima. Hakuuliza ni nani.

Upepo ukapita, ukungu ukapasuka kidogo. Ng'ambo ya bonde wakaliona lile lori. Barabara ilikuwa imelizungusha kilima kizima, na sasa lilipanda taratibu upande wa pili, dogo kama punje.

Dominika aliweka jembe chini. "Kimbia! Ukikata kwa hapa chini, kijitoni, utalikuta pale juu kabla halijavuka. Bado mstari mmoja tu. Huo nitaumaliza mwenyewe, kweli."

Klementina alipima kwa macho. Ilikuwa kweli, angelikuta. Fahadi angemwona akimpungia, Nyanda angegomba kisha angesimama, na jioni angekuwa mjini, miguu mikavu, na siku mbili nzima za kupumzika na kusoma. Alimtazama mama yule, mgongo umepinda, viganja vimechubuka kwa kazi ya asubuhi moja.

Akalaza majani yaliyobaki kwa mguu. Akapindua bonge la kwanza, akalifunika. Lori lilifika kileleni. Akapindua jingine. Mlio wa lori ukawa mdogo, ukawa kama nyuki, halafu ukawa si kitu. Tone la kwanza la mvua likamgonga shingoni, baridi, na pale juu ya jiwe mkoba ukaanza kulowa madoa madoa. Dominika akaja kwa upande wa pili, na wakamaliza ule mstari uso kwa uso, bila kuimba.

Kilima cha mwisho alikifunika peke yake. Alikizunguka, akakigandamiza kwa viganja mahali palipoachia, mpaka hapakuonekana hata jani moja la kijani. Kisha akanawa mikono kwa maji ya mvua, akatwika mkoba kichwani, akashika njia ya Mwazye kwa miguu.